Kasoro za Picha za Skana ya Filamu: Dalili, Chanzo na Namna ya Kuziondoa

Anayeanza kuhamishia negativu za zamani kwenye kompyuta kwa skana ya nyumbani hukutana na kasoro za kila aina, na kitu cha kwanza anachokishuku ni mashine. Mara nyingi mashine haina kosa. Kati ya harusi iliyopigwa picha Mbale mwaka 1978 na faili iliyomo kwenye laptopu leo kuna kamera, filamu, mwenye studio aliyeisafisha kwa dawa, bahasha iliyoihifadhi, kioo, taa, kebo, umeme na programu, na kila kimoja kina uwezo wa kuacha alama yake. Kwa sababu hiyo maelezo haya yamepangwa kwa kufuata dalili, yaani kile ambacho jicho linakiona kwenye skrini, na kutoka hapo chanzo kinatafutwa.

Skana zinazozungumziwa ni za aina tatu. Ya kwanza ni kisanduku kidogo chenye kihisi cha kamera, ambacho hupiga picha ya negativu kwa mara moja na kuihifadhi kwenye memori kadi. Ya pili ni skana maalumu ya filamu ya milimita 35, kama vile Plustek OpticFilm, au Nikon Coolscan ambayo haitengenezwi tena. Hii husoma picha mstari kwa mstari. Ya tatu ni skana bapa yenye taa nyingine ndani ya kifuniko, kama Epson Perfection V600, na hiyo ndiyo inayomfaa zaidi mwenye filamu pana za 120.

Jaribio linalotangulia mengine yote

Skani picha moja mara mbili. Mara ya kwanza iskani kama kawaida. Mara ya pili kigeuze kipande cha filamu ili ncha iliyokuwa mbele iwe nyuma, au kisogeze kwenye nafasi nyingine ya trei, bila kubadilisha chochote katika programu. Kisha zilinganishe picha hizo mbili. Kasoro iliyohama pamoja na picha imo kwenye filamu yenyewe. Kasoro iliyobaki pale pale kwenye skrini ilhali picha imegeuka imo kwenye mashine: kwenye kioo, kwenye taa au kwenye kihisi. Kasoro ambayo huja na kuondoka kila unapobadilisha mipangilio imetoka kwenye programu. Jaribio hili halina gharama yoyote, na linaweza kumwepusha mtu na kosa la kusugua filamu isiyo na uchafu au kumpelekea fundi mashine iliyo nzima.

Mashine haiwaki, au kompyuta haiioni

Skana iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika huenda imetoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, au Marekani, ambako ni volti 120, ilhali wa Uganda ni volti 240. Soma maandishi madogo yaliyo kwenye adapta, mstari wa INPUT. Ikiwa umeandikwa 100–240V, unachohitaji ni plagi ya pini tatu bapa tu. Ikiwa umeandikwa 100V au 120V peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa kujaribu. Tafuta adapta nyingine ambayo volti zake za OUTPUT ni zilezile, ampea zake hazipungui zile za awali, na mpangilio wa chanya na hasi kwenye ncha yake ni uleule. Chaja ya laptopu, ambayo kwa kawaida hutoa volti 19 au karibu na hapo, haifai kutumiwa eti kwa kuwa ncha yake inaingia.

Kama mashine ilikuwa ikifanya kazi jana na leo imekufa baada ya umeme kukatika na kurudi, anza kwa kupima adapta kwa mita kabla ya kufungua kitu kingine chochote, kwa maana umeme ukirudi ghafla ukiwa na nguvu kupita kiasi, adapta ndiyo inayopigwa kwanza. Stabilaiza au UPS ni kinga nzuri. Kinga ya bure ni kuchomoa plagi mara tu umeme unapokatika na kungoja dakika chache baada ya kurudi. Ipo pia hali inayowachanganya wengi: umeme unakatika katikati ya kazi, laptopu inaendelea kwa betri yake, lakini programu inaganda na haijibu. Skana ndiyo iliyozimika, na programu bado inaingoja. Ifunge programu kwa nguvu, washa skana upya umeme ukirudi, kisha ndipo uifungue tena.

Skana bapa inayotoa sauti ya kukereza inapowashwa na kukataa kusogea huenda bado imefungwa kufuli ya safari, ambayo ni kitufe kidogo cha kuteleza kilichopo ubavuni, nyuma au chini ya baadhi ya mashine ili kuzuia behewa la ndani lisiyumbe njiani. Ifungue kabla ya kuwasha.

Kompyuta isipoiona skana, ondoa kigawanyishi cha USB na uchomeke kebo moja kwa moja kwenye kompyuta, tena kebo fupi. Visanduku vidogo vinavyotumia umeme wa USB huzima na kuwaka vyenyewe vinapopewa umeme hafifu. Ikiwa kebo ni nzima, tatizo litakuwa draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na skana. Watengenezaji wengi waliacha kuandika draiva mpya kwa skana zao za zamani, na macOS tangu toleo la Catalina la mwaka 2019 haifungui tena programu za biti 32. Skana kama hizo hufufuliwa na programu iitwayo VueScan, ambayo hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Ni ya kulipia, na toleo lake la majaribio hugonga alama juu ya picha, kwa hiyo usidhani alama hizo ni ugonjwa wa skana. Mwenye kutumia Linux anaweza kujaribu SANE, ambayo ni ya bure.

Picha yote nyeusi, au imekatwa

Kwenye skana bapa chanzo kikuu ni ule mkeka mweupe ulio ndani ya kifuniko, ambao hutumika kwa karatasi na huziba taa ya filamu. Uondoe. Hakikisha pia kwamba kebo ya kifuniko imechomekwa, na kwamba programu imeambiwa kuwa kilichomo ni filamu. Trei nyingi za skana bapa zina nafasi tupu upande mmoja ambayo mashine huitumia kujipima mwanga kabla ya kuanza. Ukiiziba kwa kipande cha filamu, karatasi au kijiti, picha itatoka giza au yenye mistari mirefu.

Picha iliyokatwa, au nusu ya moja na nusu ya nyingine katika faili moja, ni kosa la programu kutambua mipaka. Hutokea zaidi kwa picha za usiku, kwa kuwa eneo tupu la negativu na nafasi iliyopo kati ya fremu mbili hufanana kabisa. Zima utambuzi wa kujiendesha na uchore mipaka mwenyewe.

Rangi si za kweli

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na panahitaji subira.

Negativu ya rangi ina msingi wa rangi ya machungwa, uliowekwa kwa makusudi na watengenezaji ili kusahihisha upungufu wa rangi za kemikali zilizomo. Programu inapaswa kufanya mambo mawili: kugeuza giza kuwa nuru na nuru kuwa giza, kisha kuuondoa msingi huo. Ukiona picha bado ni ya machungwa na watu wana nyuso nyeupe na meno meusi, umechagua aina ya slaidi badala ya negativu. Ukiona watu wako sawa lakini picha nzima imezama katika rangi ya samawati, picha imegeuzwa bila msingi kuondolewa. Hilo huwapata wanaoskani kama slaidi kisha wakageuza wenyewe katika programu ya kuhariri. Rudi kwenye skana, chagua negativu ya rangi, na uskani upya. Negativu za nyeusi na nyeupe zichaguliwe kama zilivyo, maana zikipitishwa kwenye njia ya rangi hutoka na kivuli cha buluu au kijani.

Dalili ngumu zaidi ni ile ya rangi kubadilika kutoka fremu moja hadi nyingine katika filamu ileile. Chukua filamu ya kwanjula, yaani sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba: fremu ya kwanza ni wageni wakishuka kwenye magari juu ya udongo mwekundu, ya pili ni mashangazi wakiwa na gomesi, vazi refu la kike, chini ya hema la kijani, ya tatu ni zawadi zilizopangwa kwenye nyasi. Programu iliyoachwa ijiendeshe huitazama kila fremu peke yake na kudhani kwamba jumla ya rangi zote lazima iwe kijivu. Inapokutana na ua lenye udongo wetu, inaona wekundu umezidi, inaongeza samawati ili kuupunguza, na matokeo yake ni udongo uliopauka pamoja na ngozi za watu zilizofanya kijivujivu kama wamepakwa majivu. Ukiona ngozi ya kahawia imekuwa na majivu huku ardhi imekosa wekundu wake, usihangaikie fremu moja moja. Zima usawazishaji wa kujiendesha, skani sehemu tupu ya filamu hiyohiyo, yaani ncha au nafasi iliyo kati ya fremu mbili, na uiambie programu kwamba huo ndio msingi. Programu nyingi nzuri zina kitufe cha kuufunga msingi huo utumike kwa filamu nzima. Baada ya hapo kasoro ya rangi itakayobaki itakuwa moja kwa fremu zote, na utairekebisha mara moja.

Wengine hupenda kusawazisha rangi kwa kubonyeza kitu cheupe kwenye picha, na kanzu ndiyo inayoonekana kufaa. Sishauri hivyo. Kanzu nyingi zina weupe wa maziwa kuliko weupe mtupu, na ule mshono mwekundu wa omulela ulio kifuani, ukiugusa kwa bahati mbaya, huipeleka picha yote kwenye kijani. Msingi wa filamu ni shahidi bora kuliko nguo.

Visanduku vidogo kwa kawaida havina nafasi ya kuufunga msingi. Kwa hivyo rangi zake hurekebishwa baadaye, na kwa kuwa vingi huhifadhi JPEG tu, marekebisho makubwa huchana rangi za anga na za ngozi vipande vipande. Kwa picha ambayo ni moja tu na haina nyingine, tumia skana ya aina ya pili au ya tatu.

Nyuso zimezama na kanzu zimeungua

Kwenye negativu, kanzu ndiyo sehemu nzito inayozuia mwanga, na uso ndiyo sehemu nyepesi. Mfano wa kuangalia kwa karibu ni bwana harusi aliyesimama juani: shika filamu yake mbele ya dirisha, na utaona kanzu ikiwa doa zito ambalo hata hivyo lina mikunjo ndani yake, na uso ukiwa karibu angavu lakini una alama za macho na midomo. Ikiwa unaiona mikunjo kwa jicho na haipo kwenye skrini, basi kilichokosewa ni kusoma, na filamu haina lawama. Fungua jedwali la mwanga (histogramu) katika programu, sogeza ncha zote mbili hadi nje ya mlima wa grafu badala ya kuzikata ndani yake, na uhifadhi kwa biti 16 kwa kila rangi. Picha itaonekana imepoa na haina nguvu. Nguvu utaiongeza wakati wa kuhariri. Ikiwa hata mbele ya dirisha uso ni sehemu tupu isiyo na alama yoyote, mwanga haukutosha siku ile picha ilipopigwa, na hakuna skana itakayokileta kisichokuwepo.

Chembechembe zinazozagaa kwenye anga au kwenye kanzu zinatokana na kihisi kulemewa na sehemu nzito za negativu. Kama mashine ina chaguo la kusoma mara kadhaa na kuchukua wastani, litumie kwa fremu hizo peke yake, kwa sababu linarefusha kazi sana.

Vidoti, nywele na mistari

Rangi ya kidoti hueleza kilikotoka. Vumbi lililokaa juu ya negativu huzuia mwanga, na baada ya picha kugeuzwa huonekana jeupe. Kwa hiyo vidoti vyeupe na vinyuzi vyeupe ni vya leo, na vinaweza kuondolewa. Kidoti cheusi kina maana tofauti: ama utando wa picha umebanduka mahali hapo, ama vumbi lilikuwa ndani ya kamera na likaizuia filamu isipate mwanga wakati wa kupiga. Kidoti cheusi hakitoki kwa kufuta. Ukiendelea kukisugua utaongeza mikwaruzo tu. Vivyo hivyo kwa mistari myeusi inayokwenda sambamba na urefu wa filamu na kuvuka kutoka fremu hadi fremu: filamu iliburuzwa juu ya chembe ngumu ndani ya kamera au mikononi mwa aliyeisafisha. Mistari hiyo hurekebishwa katika programu ya kuhariri, kwa mkono.

Mstari mmoja ulionyooka, unaofuata mwelekeo wa safari ya behewa la skana na kujirudia mahali palepale kwa kila picha, unatoka kwenye mashine. Ni vumbi lililoko kwenye eneo la kujipimia au kwenye njia ya kihisi. Futa kioo kwa kitambaa laini, zima na uwashe mashine ili ijipime upya. Kwenye kisanduku kidogo, kidoti kisichohama kimekaa juu ya kioo cha taa. Brashi ndogo inayokuja na mashine ndiyo kazi yake.

Vumbi la murramu katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, ni adui wa kweli. Chembe zake ni ngumu na hukwaruza, kwa hivyo zipulizwe kwanza kabla ya kitambaa chochote kugusa filamu. Tumia kipulizio cha mpira, si mdomo, kwa kuwa mate hutia madoa. Shika filamu kwa kingo, ukivaa glovu za pamba. Funga dirisha linalotazama barabara, zima feni, na usifagie chumba kabla ya kazi. Ufagio hulirusha hewani vumbi ambalo lilikuwa limetulia. Baada ya mvua hewa huwa safi, na kazi huenda haraka.

Skana zenye miale ya infraredi hutambua vumbi na mikwaruzo zenyewe, kwa sababu rangi za filamu ya rangi huipitisha miale hiyo ilhali vumbi huizuia. Wengi hushangaa kuona kwamba wakiitumia kwa filamu za nyeusi na nyeupe, picha huharibika: kingo za nyuso hulainika, nywele huyeyuka, maandishi hupotea. Filamu hizo zimejengwa kwa fedha, na fedha huzuia infraredi kama vumbi linavyofanya, kwa hiyo mashine huifuta picha yenyewe ikidhani ni uchafu. Izime. Zipo chache za nyeusi na nyeupe, kama Ilford XP2, zinazosafishwa kwa dawa za filamu za rangi na ambazo hazina fedha mwishoni, hizo huikubali.

Picha haina ukali

Tazama vumbi. Ikiwa vumbi na mikwaruzo vinaonekana kwa kingo kali lakini uso umefifia, skana imesoma sawasawa na kamera ndiyo iliyotikisika au kukosa shabaha (fokasi). Ikiwa hata vumbi limefifia, skana haikuifikia filamu inavyopaswa.

Sababu ya kwanza ni filamu iliyojikunja. Skana nyingi za nyumbani hazina uwezo wa kurekebisha shabaha, na filamu ikiinuka katikati hata kwa milimita moja, katikati hufifia na kingo zikabaki kali, au kinyume chake. Ilaze filamu ndani ya bahasha yake safi katikati ya kitabu kizito kwa siku kadhaa. Kamwe usitumie pasi wala jua. Sababu ya pili ni kimo cha trei. Baadhi ya trei za skana bapa zina vijiguu vya kurekebisha kimo: skani fremu moja kwa kila kimo na uchague kilicho kali zaidi, kisha usikiguse tena.

Sababu ya tatu ni namba zilizoandikwa kwenye boksi. Skana bapa inayotangazwa kuwa na nukta 6400 kwa inchi haisomi undani wa kiasi hicho; nyingi hazifikii nusu yake. Kuongeza namba kupita uwezo wa lenzi hukuza faili peke yake. Fremu ya milimita 24 kwa 36, ikiskaniwa kwa nukta 2400, hutoa takriban pikseli 3,400 kwa 2,270, ambazo zinatosha kuchapisha picha yenye upana wa sentimita 28 kwa ubora mzuri katika duka lolote la Nasser Road, mtaa wa wachapishaji jijini Kampala. Fremu hiyohiyo kwa nukta 7200 na biti 48 katika TIFF huzidi megabaiti 400, na laptopu ya kawaida itakwama.

Pete za rangi kwenye anga

Wakati wa mvua, hasa kwa wanaoishi karibu na ziwa kama Entebbe na Jinja, picha za skana bapa huweza kutokea na pete zenye rangi mbalimbali, kama za mafuta yaliyoelea juu ya maji. Zinatokea pale upande laini wa filamu unapokaribia kugusa kioo, mwanga ukawa unarudi-rudi katika ile nafasi nyembamba ya hewa. Upande wa utando, usiong'aa, hauleti pete kirahisi. Geuza filamu ili upande huo ndio uelekee kioo, kisha uigeuze picha kushoto-kulia katika programu. Zipo trei zenye kioo kilichokwaruzwa kitaalamu kwa ajili hiyo, ila kwa filamu chache hazistahili gharama.

Kuvu, harufu ya siki na filamu zilizogandana

Matawi membamba yanayosambaa kama mizizi, ambayo huhama na filamu katika lile jaribio la kwanza, ni kuvu. Hula jelatini iliyoshika picha, na mahali ilipokula, jelatini huyeyuka kwa maji. Ndiyo maana maji ni marufuku kabisa hapa, hata kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Iskani kwanza kama ilivyo. Kisha, ikiwa ni lazima, ujaribu alkoholi ya isopropili ya asilimia 98 au zaidi kwenye kona isiyo na picha, kwa pamba laini bila kukandamiza. Baada ya hapo ihifadhi kwenye boksi lenye vifuko vya silika, mbali na ukuta wenye unyevu.

Bahasha inayonuka siki inaonyesha kuwa plastiki ya asetati imeanza kuoza. Filamu hujikunja, husinyaa na baadaye utando wake huinuka. Haina tiba, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa zilizo jirani. Itenge na nyingine, na iwe ya kwanza kwenye foleni ya kuskani. Filamu zilizogandana, au zilizoshikana na mfuko wa plastiki kwa sababu ya joto, usizivute. Hizo ni kazi ya mhifadhi wa nyaraka.

Hata bahasha iliyooza usiitupe kabla ya kunakili kilichoandikwa juu yake. Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, lilipoanza mwaka 2018 kuskani hazina yake ya negativu zipatazo 70,000 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Michigan na Chuo Kikuu cha Western Australia, maandishi ya tarehe na mada yaliyokuwa kwenye bahasha ndiyo yaliyosaidia kujua kila picha ilihusu nini, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda jijini Kampala. Jina la faili libebe maneno ya bahasha.

Kushoto kumekuwa kulia

Soma herufi zilizo kwenye ukingo wa filamu, jina la kampuni au namba za fremu: zikisomeka vizuri, upande unaokutazama ni ule unaong'aa. Kama filamu imekwisha kuskaniwa na haipo karibu, tafuta ushahidi ndani ya picha. Usukani wa magari yetu uko kulia, na vifungo viwili vya gomesi viko upande wa kushoto wa mvaaji. Kwenye picha za familia ambazo hazina bango wala namba ya gari, vifungo hivyo mara nyingi ndivyo pekee vitakavyokuambia.

Faili hazihifadhiki, au zimeharibika njiani

Kisanduku kinachokataa memori kadi mpya kwa kawaida hupokea kadi zisizozidi GB 32 zilizoandaliwa kwa FAT32. Kadi ya GB 64 huwa imeandaliwa kwa exFAT, na kisanduku huiona kana kwamba haipo. Tarehe ya faili ni ya saa ya kisanduku, ambayo hurudi mwanzo kikizimwa kwa muda mrefu, hivyo usiitegemee kupanga picha.

Na mjomba aliyeko Arua akilalamika kwamba picha uliyomtumia ina ukungu na vijiboksi nyusoni, fungua kwanza faili iliyobaki kwako. Ikiwa kwako ni safi, WhatsApp ndiyo iliyoibana. Mtumie tena kama dokumenti, si kama picha, na atapata faili nzima jinsi ilivyo.